Mlio Uliojificha Chini ya Gari

Kwa wiki tatu gari langu la mwaka 1998 lilitoa mlio kama wa nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo, nao ulisikika tu injini ilipofikia mizunguko kama 1,800 kwa dakika, kisha ukapotea nilipoongeza mwendo. Niliishuku dashibodi, nikaikandamiza kila upande bila mafanikio. Kilichonifumbua macho ni kwamba mlio ulitokea hata gari likiwa limesimama na gia ikiwa huru, kwa hiyo magurudumu na beringi zake hayakuhusika. Injini ya silinda nne huwasha mafuta mara mbili katika kila mzunguko. Kwa mizunguko 1,800 hutoa mitikisiko 60 kwa sekunde, na kipande kilicholegea ambacho mtikisiko wake wa asili unakaribiana na huo huanza kuimba. Fundi alitaka tubadilishe mipira inayobeba injini, nami nikamwomba asubiri. Gari lilipopoa tuliliinua juu ya stendi imara, nikaigonga ekzosi kwa ngumi, na nyigu wangu akajibu: bati la kukinga joto lilikuwa limeliwa na kutu kwenye tundu la boliti. Klipu ya chuma ya kubania mabomba ilitosha kulituliza (ya plastiki ingeyeyuka).