Bila Hata Vicks

Juzi bodaboda wa pale Mwenge kanigeukia kwenye taa nyekundu: "Dada samahani, wewe si yule mtoto aliyemwagiwa uji na mama wa kambo?" Nikamwambia ndiye mimi. Eti mama yake alilia siku nzima. Taa zikawaka kijani, yeye bado ananikodolea macho, daladala nyuma zinapiga honi.

Hiyo muvi mnaijua. Ni miaka ileile Kanumba alipowaibua watoto Jennifer na Patrick kwenye muvi ya Uncle JJ, kila prodyuza akawa anatafuta mtoto wake. Mimi niliokotwa kanisani, kwenye igizo la Krismasi. Tulishuti nyumba ya kukodi Mbezi Beach, mbio mbio kama kawaida, maana wasambazaji wa Kariakoo walikuwa wanasubiri sehemu ya kwanza na ya pili kwa mpigo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Nilikuwa na miaka 9, na kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kweli, ukiacha ile sini ya uji.

Uji ulishapoa, umegandia mpaka kwenye kola ya sare. Natakiwa nilie, silii. Dada wa mekapu akanipaka Vicks chini ya macho. Nikapiga chafya, watu wa taa wakacheka, na mimi nikacheka. Mama wa kambo, ambaye kamera ikizimwa ndiye aliyekuwa ananigawia chapati zake, kachuchumaa ananifuta kidevu kwa pindo la khanga. Jenereta linakula mafuta. Dairekta akaja, akainama, akaninong'oneza taratibu kabisa: "Mama yako kashaondoka. Kasema hakutaki tena, ubaki hapahapa."

Nikatazama kile kiti cha plastiki karibu na geti. Kitupu. Mkoba nao haupo. "Ekisheni" wala sikuisikia. Mnayemsikia akiitwa kwenye muvi ni mama yangu mimi, si yule wa kwenye skripti. Wakaiacha hivyohivyo.

Alikuwa ameenda dukani kununua vocha.

Ukubwani nikasoma habari za Jackie Cooper, mtoto mwigizaji wa Marekani. Kwenye muvi ya Skippy ya 1931, dairekta Norman Taurog, ambaye alimwoa dada wa mama yake Jackie, alimtisha kwamba mbwa wake anapigwa risasi, ili mtoto alie. Taurog akabeba Oscar ya uongozaji. Jackie, mwenye miaka 9 kama mimi, akaishia kuteuliwa tu. Dairekta wangu hakupata Oscar, alinunua Noah.

Mama aliporudi akaambiwa mwanao ana kipaji. Mpaka leo wageni wakija lazima wasimuliwe: "Huyu alilia bila hata Vicks!" Sijawahi kumwambia nilichonong'onezwa. Na tatizo jingine, nikiitazama ile sini, jamani, ni nzuri. Ndiyo pekee kwenye muvi nzima niliyoigiza vizuri, kama ule ni uigizaji.