Gitaa Kanisani Aldeburgh

Mwenzangu wa kazini pale Ipswich, Uingereza, ndiye aliyenivuta. Mumewe alishikwa na mafua, tiketi ikakosa mwenyewe. "Wewe si umekulia kwenye taarab? Twende ukasikie gitaa." Tukapanda treni mpaka Saxmundham, halafu basi, maana reli ya kufika Aldeburgh ilifungwa tangu 1966. Ni mji mdogo wa pwani, ufukwe wake kokoto tupu, na Juni ile upepo wa bahari ulikuwa wa kuvalia koti.

Tamasha la huko lilianzishwa 1948 na mtunzi Benjamin Britten na wenzake. Britten mwenyewe amezikwa kwenye uwanja wa kanisa tuliloendea, kando yake mwimbaji Peter Pears. Tulipokuwa tunatazama makaburi hayo nikamwona kijana anasugua kucha za mkono wa kulia kwa msasa laini, moja moja, kila mara akiinyanyua kuikagua kwenye mwanga. Nikadhani ni mtu wa kujipenda tu. Baadaye ndiye aliyetoka mbele yetu, akaweka mguu wa kushoto juu ya kistuli, gitaa kavu likakaa pajani. Hakuna kipaza sauti, hakuna waya.

Alianza na utunzi mpya, ambao haukuwahi kupigwa mbele ya watu. Mtunzi, dada wa makamo, alikaa safu ya mbele yetu, na programu yake aliikunja mpaka ikawa kama kijiti. Mpigaji aliushusha uzi wa sita, akausikiliza, akaushusha tena. Kisha yakaja makofi kwenye ubao, mikwaruzo, kimya, mikwaruzo tena. Kusema kweli sehemu kubwa niliiona sarakasi. Lakini katikati aliuvuta uzi wa tano, akaupitisha juu ya wa sita, akaibana yote miwili kwa kidole kimoja. Gitaa likalia kama ngoma ya gwaride inayosikika kutoka mtaa wa pili. Hapo niliinua shingo.

Ukafuata Nocturnal wa Britten, aliomwandikia mpiga gitaa Julian Bream, naye akaupiga mara ya kwanza katika tamasha hilo hilo, Juni 1964. Umejengwa juu ya wimbo wa 1597 wa John Dowland, mtunzi wa zama hizo, wimbo wa kuuita usingizi mzito uje, ila Britten kaugeuza: madoido yanatangulia, wimbo wenyewe unakuja mwisho. Unasikiliza mtu anayejigeuza kitandani, anashtuka, anakaribia kulala, anashtuka tena. Kuelekea mwisho nyuzi za chini zinarudia kushuka ngazi ile ile, zinang'ang'ania, mpaka zinachoka. Ndipo Dowland anaingia, taratibu, kwa sauti ya karne nyingine. Mwenzangu alinikamata mkono. Mimi nilikuwa nimeshafika Zanzibar: wimbo ule ulitungiwa luti, ala ya nyuzi ya Ulaya ya zamani, na luti ni mtoto wa udi, waliouingiza Waarabu Hispania. Tumbo lile lile la mviringo ami yangu alikuwa akilikumbatia kila Alhamisi usiku.

Usiku ule ule nikampigia.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Alipiga kwa unyoya?"

"Kwa kucha, ami. Anazisugua kwa msasa."

"Kucha! Na ikivunjika?"

Nikamwambia nilivyosikia kwenye basi, kwamba wengine hubandika kipande cha mpira wa tenisi ya meza kwa gundi. Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake nikamtafutia rekodi ya Nocturnal, akaisikiliza yote, dakika kama 18, bando likamkatikia njiani akaongeza.

"Huyu Mzungu kauficha wimbo makusudi," akasema. Halafu akaniuliza kama ule mpya nao umerekodiwa. Sarakasi haikumshughulisha, alitaka aisikie ile ngoma ya nyuzi mbili, ajue kama udi nao utakubali.