Stakabadhi za Baba

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilitoka Mtwara mjini kwenda Nanguruwe kumsalimia baba, nikiwa na simu iliyojaa kiasi cha kukataa kupiga picha hata moja. Wiki iliyotangulia kimbunga Hidaya kilikuwa kimeharibu barabara ya kwenda Dar es Salaam kwa upande wa Kilwa, na kila kundi la WhatsApp nililokuwamo lilinimwagia picha za maji na malori yaliyokwama, nyingi zikiwa picha ileile iliyotumwa na watu kumi tofauti.

Baba hakuwa na haja na malori. Alipokwisha kuitikia shikamoo yangu aliniuliza kama bado ninayo stakabadhi ya korosho zake za msimu wa 2019, kwa sababu mkutano wa chama cha msingi cha ushirika, kinachopokea korosho za wakulima, ulikuwa umekaribia naye alikuwa na hakika kwamba mwaka ule alilipwa pungufu ya kilo tisa. Neno hilo alikuwa amelibeba moyoni kwa miaka mitano.

Desturi ya kupiga picha stakabadhi ilianza mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wakahakikiwa kabla ya kulipwa ili wanunuzi wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi, wasipenye. Baba aliona watu wakihangaika kutafuta vikaratasi vilivyotafunwa na panya, akaniamuru kwamba tangu siku ile kila karatasi inayotoka kwenye mizani ipigwe picha kabla haijaingia mfukoni. Nilitii. Kuzipanga picha hizo ndiko kulikonishinda.

Nilizozipiga mwenyewe nilikuwa nimezipandisha zote Google Photos, kisha nikazifuta kwenye simu ili kupata nafasi, nami nikaketi barazani nikitarajia kumwonyesha baba stakabadhi yake kabla chai haijapoa. Kiduara kilizunguka kwenye kioo na hakuna kilichofunguka. Baadaye tulisikia kwamba nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilikuwa zimekatika huko kusini, zikaivuruga mitandao ya nchi kadhaa, lakini saa ile nililaumu mnara wa kijijini.

Zilizobaki simuni zilikuwa nakala za WhatsApp, zaidi ya picha elfu sita. Nilikumbuka kwamba nilipobadilisha simu mwaka 2021 dada yangu alinirudishia stakabadhi zote za nyuma kwa siku moja, kwa hiyo nilipozipata zilikuwa zimefuatana, kila moja ikianza na jina IMG-20210314-WA, kana kwamba baba aliuza misimu mitatu tarehe 14 Machi. WhatsApp huipa picha tarehe ya siku iliyopokelewa, na tarehe ya kamera haisafiri nayo. Nilimweleza hivyo, akanitazama kwa huruma.

“Basi simu yako inajua siku iliyoletewa karatasi, haijui siku ya mzigo,” alisema. “Soma karatasi yenyewe.”

Ndivyo tulivyofanya. Nilifungua albamu moja kwa kila msimu, nikawa nasoma kilichoandikwa kwa kalamu ya buluu, naye akinithibitishia kwa kumbukumbu zake: mwaka ambao mvua ilichelewa, mwaka ambao salfa ya kupulizia mikorosho haikutosha, mwaka ambao mdogo wangu aliolewa. Alitaka kuzikuza picha mwenyewe, lakini vidole vyake, vilivyochomwa na mafuta ya maganda ya korosho tangu ujana hadi ngozi ikawa ngumu kama kwato, kioo hakikuvitambua. Ikabidi atumie kifundo cha kidole kidogo.

Katikati ya kazi nilifanya pupa. Kadi za “asubuhi njema” zenye maua na vikombe vya chai zilikuwa mamia kwa mamia (sijapata kumjua mtu anayezifungua mara ya pili), nikazichagua kwa mkupuo na kuzifuta, nisijue kwamba stakabadhi mbili zilikuwa zimejibana katikati yake. Kwa bahati simu ilibaki imejaa vilevile, nami katika kutafuta sababu nikagundua kwamba picha zilizofutwa zilikuwa bado zimelala kwenye tupio, ambamo hukaa siku 30 kabla ya kutoweka. Nilizirudisha zile mbili huku nikijitahidi uso wangu usionyeshe kitu, ingawa nadhani baba aliona.

Mojawapo ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta. Niliikuza mpaka tarakimu zikajaa kioo: Novemba 2019, kilo 412, na kando yake sahihi ya baba mwenyewe, herufi zikiwa zimelala upande. Yeye miaka yote alikuwa akishikilia 421.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Aliisogeza simu mbali na macho, akairudisha karibu, akaifuta kioo kwa pindo la msuli wake kama aliyetumaini kwamba vumbi ndilo lililogeuza tarakimu. Nilimuuliza kama niitume kwa dada aichapishe mjini, aende nayo mkutanoni.

“Hapana,” alisema, akiinuka kwenda kuwafungia kuku. “Iweke kwenye msimu wake, na usiifute tena.”