DC na faini kwenye nakala ya kwaya

Nilipojiunga na kwaya hapa Mtwara, nikapangwa besi, nilikuwa naimba kwa sikio tu. Jirani yangu akipanda napanda, akishuka nashuka. Nakala ya nota naishika kama wenzangu, ila siisomi.

Jioni moja mazoezini nikaona chini ya ukurasa pameandikwa D.C. al Fine. Nikamwuliza jirani, "Kumbe huu wimbo wa kumpokea DC? Na hiyo faini anatozwa nani?" Sikunong'ona vizuri. Sauti zote nne zilicheka, soprano wakiongoza.

Baadaye mwalimu alinielewesha. Ni Kiitaliano: da capo, toka kichwani, yaani rudi mwanzo, na Fine inasomwa fi-ne, mwisho. Unarudi juu, unaimba hadi palipoandikwa neno hilo, unakoma hapo hapo hata kama nota zinaendelea. Waitaliano walitamba sana kimuziki miaka ya 1600, ndiyo maana maneno yao yakaenea.

Nikanunua daftari. Kukariri kulinishinda; wiki nzima nilichanganya piano na forte. Kilichonisaidia ni kuulizia kila neno lina maana gani huko kwao katika mazungumzo ya kawaida, halafu nalifunga kwenye kitu cha hapa. Andante linatokana na kutembea, basi ni mwendo wangu wa kutoka Shangani kwenda mjini siku ambayo sijachelewa. Piano ni kwa upole, forte ni kwa nguvu. Hata kile chombo kiliitwa pianoforte kwa sababu kidole cha mpigaji kiliweza kukiliza kwa namna zote mbili. Kresendo, yaani sauti kuongezeka kidogo kidogo, sikuliandika kabisa. Mtu aliyekulia kwenye sindimba afundishwe ngoma inavyopandishwa?

Ninalolipenda ni fermata, ile nusu duara yenye nukta inayokaa juu ya nota. Kwa Waitaliano neno hilo hilo ndilo kituo cha basi. Nota imeegeshwa, haiondoki mpaka konda agonge bodi, na konda ni mwalimu. Siku moja nilikata pumzi kituoni, lakini sikuondoka.

Sasa nimefika kwenye rubato, "iliyoibwa": unachelewesha mapigo hapa, unayafidia kule mbele. Mwalimu anasema wizi huo ni wa waimbaji wa solo. Besi tuendelee kuhesabu.