Kidonda Kifundoni, Ugonjwa Pajani

Kidonda cha mama kilikuwa upande wa ndani wa mguu wa kulia, juu kidogo ya kifundo, na kwa zaidi ya mwaka kila aliyekitazama alikipa jina lake. Mmoja alisema ni sukari, vipimo vikakataa. Mwingine akasema ni vijidudu, akaandika antibayotiki, kikakauka kidogo halafu kikafunguka tena. Hakikuwa na kina, ila kilikuwa kipana, kingo zake zimepindapinda, na kilitoa maji mpaka bendeji ikalowa kabla ya jioni. Ngozi iliyokizunguka ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kukakamaa. Mama alidhani ni alama za dawa alizokuwa akipaka. Ile mishipa iliyojisokota kwenye shavu la mguu hakuna aliyeitaja, hata mama mwenyewe; alikuwa nayo tangu alipotuzaa, akaihesabu kuwa sehemu ya mwili wake.

Siku jambo lilipoeleweka ni siku alipopimwa kwa altrasaundi akiwa amesimama. Altrasaundi zote nilizokuwa nimeziona, mtu hulala. Huyu daktari alimpandisha kwenye jukwaa dogo, akamwambia uzito wote auweke mguu wa kushoto na ule wa kulia aulegeze. Ukimlaza mgonjwa, alisema, vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, hunywea na ubovu wake hujificha. Kisha akapaka jeli na kuanza kupima kinenani.

"Daktari, kidonda kiko huku chini," mama akamkumbusha.

"Nimekiona, mama. Natafuta kinakotoka."

Akaubana mguu kwa mkono, pale kwenye shavu. Kwenye skrini ukapita mkondo wa rangi ya buluu: damu ikipanda kuelekea moyoni. Alipoachia, ukatokea mwekundu, yaani damu ileile inarudi chini, na haukukatika upesi. Kwenye vena kubwa ya juujuu ya paja, damu ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde, vali zake, vile vilango vidogo vya ndani, huhesabiwa zimeharibika. Ya mama ilirudi kwa muda wa kutosha mimi na yeye kutazamana.

Aliona nimeduwaa, akaniomba mkono. Akabonyeza mshipa uliojitokeza karibu na kiganja, na kwa kidole kingine akaisukuma damu kuelekea kwenye kiwiko. Mshipa ukabaki bapa, mtupu, ingawa juu yake palikuwa na damu tele. Alipoinua kile kidole cha chini tu ndipo ukajaa. Jaribio hilo, alisema, Mwingereza William Harvey alilichapisha mwaka 1628 kuonyesha kwamba vali za vena zinaruhusu damu kwenda upande mmoja tu, wa moyoni. Miguuni kazi hiyo ni ngumu zaidi kwa sababu damu inapanda. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayoikamua kwenda juu kila unapopiga hatua, na vali huizuia isirudi. Mama alikuwa amesimama mbele ya ubao wa darasa maisha yake yote ya kazi.

Kwa hiyo uzito wa damu kutoka kinenani ulikuwa ukishukia kifundoni mchana kutwa. Shinikizo hilo husukuma maji na chembe nyekundu nje ya vimishipa vidogo, chuma kilichomo kwenye chembe hizo huitia ngozi kahawia, na ngozi iliyodhoofika namna hiyo huchanika kwa mkwaruzo wowote na kushindwa kufunga.

Mama alinyamaza kidogo. "Basi mwaka mzima tumedeki sakafu, na bomba linavuja darini."

Daktari akacheka, akasema maneno hayo atayaazima.

Kabla ya kutuachia alizikandamiza vena za ndani kwa kile kifaa, moja baada ya nyingine. Inayobonyea haina bonge la damu. Isiyobonyea ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa bonge likikatika linaweza kwenda kuziba mapafu. Zake zilibonyea. Halafu muuguzi akampima presha mkononi na kifundoni, apate uwiano wa ile ya kifundoni kwa ya mkononi. Hapa nawasihi wanaoazimana soksi za kubana: kama ateri za mguu, mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zimeziba na uwiano umeshuka chini ya 0.8, mguu haubanwi kwa nguvu bila mtaalamu kuamua, maana damu kidogo inayofika unaweza kuinyima njia. Wa mama ulikuwa mzuri, akafungwa bendeji za kubana siku hiyohiyo.

Vena yenyewe ilifungwa baadaye kidogo, bila kusubiri kidonda kipone. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 450, ulikuwa umeonyesha kwamba ukiifunga mapema kidonda hupona haraka zaidi. Zamani mshipa ulichomolewa wote, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Mama alidungwa karibu na goti, ukaingizwa mrija mwembamba, maji yenye dawa ya ganzi yakajazwa kuuzunguka mshipa, kisha ukaunguzwa kwa joto la nyuzi 120 kipande kwa kipande. Alikuwa macho, akiuliza maswali. Damu itapita wapi sasa? Akaambiwa sehemu kubwa ya damu ya mguu hupita kwenye vena za ndani siku zote, na hii mbovu ilikuwa inairudisha chini tu. Akaamriwa atembee palepale, akatembea.

Kidonda kilipofunga alirudi kwa daktari akiwa na dai jipya: na mguu wa kushoto ufungwe. Akapandishwa tena jukwaani, shavu likabanwa, rangi nyekundu ikajitokeza na kukatika mara moja. Vali nzima. Akaambiwa huo hauguswi, avae soksi zake na atembee. Njia nzima ya kurudi nyumbani alilalamika kwamba amenyimwa.