Kumbukumbu ya mradi: kadi za vipuri, sentensi mbili kwa neno moja

Mradi ni wa kadi za kujifunzia Kiingereza, kila kadi kipuri kimoja cha gari. Mbele kuna sentensi mbili za Kiingereza zenye pengo. Katika ya kwanza kipuri ni kipuri, fundi anaweza kukishika. Katika ya pili ni nahau. Nyuma kuna jibu na maana yake kwa Kiswahili. Karatasi moja ya manila ya A4 inatoa kadi 8 za A7. Karatasi nyepesi ya printa haifai, wino wa nyuma unaonekana mbele na jibu linajulikana kabla mtu hajafikiri.

Kadi ya 1: gasketi

Rasimu ya kwanza ilikuwa "The gasket is bad." Sentensi mbovu hiyo. Toa neno gasket, weka pump, battery au hata tyre, bado inasimama. Pengo linalokubali kipuri chochote halimfundishi mtu kitu.

Dawa ilikuwa kurudi gereji. Gasketi ya silinda hedi inakaa kati ya bloku na hedi, inazuia mgandamizo wa silinda, oili na maji ya rejeta visiingiliane. Injini ikichemsha, hedi ya aluminiamu inapinda, gasketi inaachia, maji yanapita kwenda kwenye silinda au kwenye oili. Ndipo unaona moshi mweupe usiokoma, mapovu kwenye rejeta, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Ukishajua hayo, sentensi inajiandika: "The engine overheated and blew a head ____, so there was water in the oil." Hapo hakuna kipuri kingine kinachoingia.

Ya pili: "My uncle blew a ____ when he saw the repair bill." Presha imepanda mpaka kilichoizuia kimeachia, mjomba amelipuka kwa hasira. Nahau imebeba kasoro ileile ya gereji, ndiyo maana kadi hii ilifaa kutangulia. Mambo mawili ya sarufi yameandikwa nyuma: ni "a gasket", kwani ukisema "the gasket" msikilizaji anaanza kutafuta gari, na kitenzi ni blow, blew, blown, wala si "blowed".

Tangu hapo kila sentensi ya kwanza inataka vitu vitatu: kipuri, hitilafu au kazi yake, na matokeo. Ya pili inataka mtu au taasisi, pamoja na kitu kinachoondoa gari kwenye picha. Kipimo ni kuongeza "of the car" baada ya jina la kipuri. Sentensi ikibaki na maana, bado hujatoka gereji.

Kadi ya 2: klachi

Upande wa gereji haukusumbua: "The ____ is slipping: the engine revs, but the car does not pick up speed." Sahani imelika, injini inanguruma, gari halivuti.

Kwenye nahau ndipo penye mtego. "Clutch at straws" ni ya mfa maji anayetapatapa. Imetoka kwenye kitenzi cha kushika kwa nguvu, ambacho kilikuwepo karne nyingi kabla ya gari. "A clutch of eggs" ni mayai ya kuatamia, neno jingine kabisa lenye sura hiyohiyo. Zote mbili zimetupwa. Iliyobaki ni ya michezo ya Marekani, "She always scores in the clutch", yaani hufunga dakika za lala salama. Imewekwa alama ya "Marekani", maana Mwingereza wa kawaida haisemi.

Kadi ya 3: gia

"Change down to second ____ before the hill." "After half-time the team moved up a ____." Zote zimepita bila shida. Angalia tu kwamba Uingereza wanasema "change gear" bila s, Marekani "shift gears" na s. Gear ya "fishing gear" ni zana za kuvulia, haihesabiki, haiingii kwenye kadi hii.

Kosa kubwa hapa linatoka kwetu. Msemo wa kubadili gia angani ulivuma sana Tanzania wakati wa uchaguzi wa 2015, na ni mtamu. Ukiupeleka Kiingereza neno kwa neno, "We changed gear in the air", unaharibika, kwa sababu gear ya ndege ni magurudumu yake ya kutua. Msomaji anafikiri rubani ana matatizo. Andika "We changed course midway", ladha inapungua lakini maana inafika.

Kadi ya 4: tairi la spea

Hii ndiyo hatari kuliko zote. Mtaani kwetu spea tairi ni mpenzi wa akiba. Kwa Kiingereza "spare tyre" ni mkunjo wa mafuta kiunoni: "He wants to lose his ____ ____ before the wedding." Mtu akiandika "She is my spare tyre" akitegemea ataeleweka, amejiharibia kwa lugha mbili. Pengo ni la maneno mawili. Mmarekani anaandika tire.

Kadi ya 5: breki

Kosa ni la herufi. Brake na break zinasikika sawa, na hata Waingereza wenyewe huandika "car breaks". Kwa hiyo sentensi zote mbili zinajazwa kwa kuandika, si kwa kutamka: "The rear ____ are worn and squeal at every stop." "The bank put the ____ on new loans." Jibu ni brakes, wingi, na kwenye nahau "the" na "on" haziachwi.

Inayofuata: usukani

Kiswahili kilikuwa na usukani wa jahazi kabla ya kuupa gari, na wheel ya Kiingereza nayo ilikuwa ya meli. Rasimu ya nahau, "The chairman was asleep at the ____", imekataliwa na kipimo cha "of the car", kwani wenyeviti nao huendesha. Imeongezwa "while the debts grew", ikapita.