Pepeo la mchanga nyuma ya nyumba: jaribio la tatu limekubali

Mimi ni fundi mwashi hapa Kasese, magharibi mwa Uganda. Miaka yote najua kwamba mchanga wa karibu na mlima Rwenzori huja na kokoto tele, na kadiri unavyoshuka kuelekea Ziwa George ndivyo unavyolainika, ukafaa kupigia lipu. Kwa nini? Sikuwahi kujiuliza mpaka mwaka huu.

Basi nikapiga sanduku la mbao, mita mbili kwa moja na nusu, nikalitandika turubai. Upande mmoja nikaegemeza mfereji wa bati. Mfereji ndio bonde la mto Nyamwamba linaloshuka kutoka Kilembe, kule mlimani. Sanduku ndiyo tambarare ambako mji wetu umekaa. Nataka kuona pepeo likijijenga, yaani tandiko la mchanga na kokoto ambalo mto huliacha unapotoka mlimani. Naliita pepeo kwa sababu ukilitazama kutoka juu limefanana na lile la kupepea jiko: ncha mlangoni mwa bonde, upana kule chini.

Jaribio la 1. Aibu. Nilifungulia mpira wa maji wote, mchanga ukafagiwa hadi ukutani, turubai likavuja. Waliofaidi ni bata wa jirani.

Jaribio la 2. Maji kidogo, mchanga uliochekechwa wa aina moja. Kilima kikatokea, lakini hakikunifundisha kitu.

Jaribio la 3, Jumamosi. Nimechanganya kokoto ndogo, mchanga wa kawaida na vumbi la tofali. Maji yanatoka kwenye jerikani ya lita 20 yenye tundu dogo, mzigo naumimina kwa kopo juu ya mfereji. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Ndani ya bati maji yamebanwa, yanakimbia na kila kitu. Yakifika mlangoni yanakosa kuta, mwinamo unapungua, yanatawanyika na kina kinakwisha. Nguvu ya kubeba haipo tena. Kokoto zikatua palepale, mchanga ukasogea mbele kidogo, vumbi jekundu likasafiri hadi mwisho. Jibu la mchanga wangu wa lipu likawa limelala miguuni pangu, tena kwa rangi.

Thembo, mtoto wa jirani, akapanga vifuniko vya soda upande mkavu. "Fundi, hizi nyumba. Huku maji hayafiki."

Jerikani ya tatu na ya nne, kweli hayakufika. Lakini kijito kilikuwa kinajaza kitanda chake chenyewe, kikapanda taratibu mpaka kikawa juu kuliko pande zake. Jerikani ya sita kikaruka kushoto, ghafla, na vifuniko vikafukiwa. Thembo akadhani nimekigusa. Sikukigusa. Kufikia jerikani ya kumi kilikuwa kimezunguka kotekote, na ndiyo sababu pepeo linakuwa na umbo lile: mto haukai, unapiga zamu.

Mfano mkubwa uko India, mto Kosi unaotoka Himalaya. Pepeo lake lina urefu wa kilomita 150 hivi, na kwa takriban karne mbili mto ulihama zaidi ya kilomita 100 kwenda magharibi. Wakaujengea kingo. Agosti 2008 ukabomoa ukingo upande wa Nepal, ukarudi kwenye njia zake za zamani.

Hapa kwetu aliyeona mafuriko ya Nyamwamba Mei 2013, halafu tena Mei 2020, hahitaji sanduku langu. Mawe yale makubwa hayakuletwa na lori. Nami nikiona tingatinga likizibua mto sasa natazama kwa jicho jingine: ni kazi ya lazima, ila mlima utaujaza tena.

Kuna mwenzangu kazini anashikilia kwamba nimejenga delta. Hapana. Delta hujengwa mto unapoingia kwenye maji yaliyotulia, kama mto Semliki unavyofanya Ziwa Albert. Langu liko nchi kavu.

Kinachofuata: kuinua bati kwa tofali mbili katikati ya jaribio. Rwenzori si volkano, ni bonge la mwamba lililosukumwa juu kwenye nyufa za Bonde la Ufa, nami nataka kuona mlima ukipanda pepeo linafanyaje. Thembo ameshakusanya vifuniko kumi na viwili. Kaniomba nisimwonyeshe pa kuviweka.